Senti Kumi ya Tundu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Natangaza rasmi: leo saa nne asubuhi, hapa Garsen, mkebe wa biskuti umestaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane. Kutu imeula kitako. Nafasi yake imechukuliwa na kopo la maziwa ya unga. Hotuba hazikuwepo. Waliohudhuria: mimi na kuku mmoja.

Sarafu zangu zote zimehama salama. Josephine alipita na ndoo: eti mume wake anahamisha pesa zisizonunua hata chumvi. Miaka arobaini ya ndoa, mzaha ni uleule.

Ya mwisho kuhama ni ile riale. Kubwa, ya fedha, ina sura ya bibi mnene, imeandikwa 1780. Juu ina kipete cha kuning'inizia shingoni. Hiyo huwa siitazami sana.

Jumatano, 6 Agosti

Abdiwahab wa duka la vitambaa alikuja. Binti yake Ladan anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo. Akasema mama yake, Asli, ana ombi kwangu.

Nikadhani imejulikana!

Kumbe anataka senti kumi ya tundu, ya mkoloni, kama ile niliyompa zamani. Mjukuu avae. "Mama husema wewe ndiye ulimtoa dhambini, mzee wangu."

Dhambini! Chai nimeimaliza bila sukari, wala sikutambua.

Alhamisi, 7 Agosti

Niandike basi, hakuna anayesoma.

Maji ya El Nino yalipotufukuza tulikaa kambi moja, sisi na kina Asli, turubai kwa turubai. Asli alikuwa na riale shingoni, ya marehemu mama yake. Nikaitamani wiki nzima. Kuiba siwezi, kununua sina. Nikamwambia: Mama Abdiwahab, wewe Mwislamu, mbona umevaa sanamu ya malkia wa Wakristo? Si dhambi hiyo?

Mimi — ambaye kanisa mara ya mwisho nililiona siku ya harusi yangu!

Akaivua palepale. Nikasema nitamtupia mtoni. Nikampa senti kumi: sura ya mtu haina, tundu tayari inalo. Akashukuru. Akaniletea maziwa mwaka mzima. Nikayanywa.

Riale sijamwonyesha mtu. Ukionyesha, utaulizwa umeitoa wapi. Kitabu changu cha sarafu nacho kimechanika mwanzo, kinaanzia ukurasa wa 31, na ni cha sarafu za Mwingereza tu. Hiyo 1780 niliisoma mwenyewe. Nikajiambia ya mwaka huo, Tana River nzima hakuna nyingine.

Jumapili, 10 Agosti

Nairudisha. Na nitasema yote.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "Mama Abdiwahab, nilikudanganya." Sauti inatoka ya mbuzi.

Jumanne, 12 Agosti

Balaa! Nilimwambia Josephine riale ni zawadi ya harusi. Narudi kutoka sokoni, naikuta inang'aa kama sufuria. Ameisugua kwa jivu na ukwaju.

"Ungempa bibi harusi kitu cheusi hivyo? Nimekuondolea aibu, Baba Kadzo."

Ukurasa wa 33: sarafu ya kale haisuguliwi kamwe. Bibi mnene sasa ana michirizi shavuni.

Nikasema asante.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika nyuma ya kadi ya mwaliko, uani kwa Abdiwahab, kwenye kiti cha plastiki. Pilau imeshapita. Riale iko mfuko wa kulia, senti ya tundu mfuko wa kushoto. Nimebeba zote mbili. Mwoga ni mimi.

Asli alinijia na fimbo yake. "Baba Kadzo! Umeniletea ile yangu?"

Ile yangu. Nikatia mkono mfuko wa kulia. Nikaanza: Mama Abdiwahab, mimi —

"Ngoja kwanza," akasema. "Wewe fundi ya pesa, angalia hii."

Akafungua leso. Mkufu, kutoka kwa mama mkwe wa Ladan. Riale tupu! Bibi mnene yuleyule, tisa, na kati ya ya nne na ya tano Asli ameacha nafasi ya senti ya tundu.

Nikauliza: na dhambi je? Akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Wallahi nimeuliza sheikh. Anasema hii pambo tu. Mimi na wewe tulikuwa wajinga, Baba Kadzo! Tuliogopa bure."

Mimi na wewe.

Kisha akaokota fimbo yake. Akauliza polepole: "Ile ya mama yangu, ulitupa upande gani ya mto?"

Wakamwita ndani, bibi harusi anamtaka. Amesema anarudi, nimngoje nimjibu. Mkufu ameniachia mapajani.

Nimevaa miwani. Nimezigeuza moja moja.

Zote tisa zimeandikwa 1780.