Kumbikumbi wa Ndala

Kwa Mzee Benedict,
Ushirombo, Bukombe.
18 Novemba 2024

Mpendwa kaka Ansgar,

Shikamoo. Hujambo huko Mtwara? Wifi Aneth na watoto hawajambo? Sisi huku tunapumua. Kifua cha Baba kimetulia kidogo, ila macho ndiyo yanazidi kufifia, na fimbo bado anaikataa.

Mvua za kwanza zimenyesha wiki iliyopita. Mahindi nimeshapanda upande wa chini. Ule upande wa juu aliokugawia Baba, unaoingiza maji lamboni, haupandiki tena, na wewe unajua kwa nini.

Unakumbuka mvua ya kwanza ilivyokuwa kwetu. Kumbikumbi wanatoka, wanaangukia lambo, sato wanapanda juu kuwala, na Baba anachukua ufito wake. Minyoo aliita chambo cha wavivu. Kumbikumbi wa kweli alisema ni laini, anakatika kwenye ndoana. Kwa hiyo alichonga wa kwake kwa kisigino cha ndala kuukuu, mabawa akayakata kwenye mfuko wa mkate, kiunoni akamfunga uzi mweusi. Alimtua juu ya maji taratibu, akasubiri viwimbi viishe, kisha akamtikisa mara moja tu. Wewe ndiye uliyefundishwa. Mimi nilibeba kapu.

Basi Jumanne mvua ilipokatika, kumbikumbi wakaanza kumgonga Baba usoni pale barazani. Alicheka, kaka, sijamsikia akicheka hivyo tangu Mama afariki. Akaniambia nimshike mkono twende.

Maji hakuyaona. Yana rangi ya chai ya maziwa tangu waosha dhahabu waweke mwalo wao wa kuoshea mchanga kule juu. Alirusha, akatikisa, akarusha tena. Pembeni ya kumbikumbi wake wa ndala walielea wa kweli, mamia kwa mamia, na hakuna hata mmoja aliyeliwa. Mwishowe Baba akasema labda mkono wake umezeeka. Mkono wake hauna kosa lolote.

Kesho yake nilipanda mwaloni na jembe mkononi. Nilimtukana Ndaki, mwenye karasha ya kusagia mawe, mbele ya vijana wake, nikamwita mvamizi, maana ndivyo tulivyoamini nyumba nzima. Hakunifokea. Aliingia kibandani, akatoka na karatasi ndani ya nailoni.

“Dada, sisi hatujavamia mtu,” akasema. “Mwenye eneo katukodisha mwenyewe. Soma.”

Nikasoma. Saini yako naijua, na ule mkia wake mrefu wa majivuno. Vijana walicheka, nami nikashuka na jembe langu kama mjinga.

Walichokulipa sikuulizi. Nakuuliza kama ulipokuwa unatia saini ulikumbuka kuwa maji yote ya lambo yanapita hapo. Ukiniambia ulisahau, nitakasirika zaidi.

Baba hajui. Kila anayekuja kumsalimia anaambiwa, “Ansgar akija, wale watatoka.” Kanisani kaisema, kilabuni kaisema. Mimi nakaa kimya, na kimya hicho kinaninyonga. Sitakibeba kupita Noeli. Njoo uvunje mkataba huo, na umwambie Baba kwa mdomo wako mwenyewe. Usipokuja nitamsomea mimi, neno kwa neno. Ndaki amenipa nakala.

Mama mdogo Euphrasia anakusalimu, anauliza kama bado unakohoa. Hana habari yoyote, kwa hiyo salamu zake ni safi, zipokee. Wabusu watoto. Mungu awalinde nyote, na wewe akupe nauli na uso wa kuja nao.

Ndani ya bahasha utamkuta kumbikumbi mmoja. Baba amekuchongea kwa kupapasa, siku tatu, akijikata vidole, ili ukishawafukuza wale muende wote lamboni. Bawa moja limepinda, usimcheke. Ndoana nimeing'oa isije ikamchoma mtu wa posta. Ipo kwangu.

Mdogo wako anayekupenda bado, hata sasa,

Mektilda