Mbilikimo Haendi Ngazi ya Tisa

3 Februari 1994

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na huko kwenye ghala la baridi unavaa soksi mbili kama Mama alivyokuagiza. Sisi hatujambo. Mama anaendelea. Mkono wa kulia bado umelala tangu kile kiharusi, lakini mdomo umeshaamka, na unanisema kutwa.

Sasa mchezo wetu wa barua, wewe ukisimulia safari kwa sheria za kile kitabu chako, nami nikimwendesha shujaa wangu. Uliandika kwamba ng'ambo ya daraja kuna zimwi lenye vichwa viwili, nirushe dadu letu la pande ishirini. Nimelirusha mbele ya Mama, maana yeye ndiye shahidi wako. Kumi na tisa! Amepiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Zimwi kwisha habari yake, na kwa hesabu yangu mbilikimo wangu, Nyundo, ametimiza alama za kuingia ngazi ya tisa. Yuko mbele ya mlango wa chuma. Naomba umpandishe, aweze kuuvunja.

Jambo la pili. Bosi wangu pale karakana ya meno ya bandia ameniita. Kuna mafunzo ya miaka miwili yanayoanza Juni. Nikimaliza nitatengeneza meno mwenyewe mwanzo hadi mwisho, badala ya kusugua ya wenzangu. Wanataka jina langu kabla Aprili haijaisha. Chuo kiko mbali, lazima nikae hukohuko, na Mama hawezi kubaki peke yake. Wewe umeshakaa huko miaka sita, kaka. Huwezi kurudi kwa hiyo miwili?

Mdogo wako

27 Februari 1994

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, soksi ninazo, mwambie Mama asihofu.

Kuhusu Nyundo, pole. Kitabu kiko wazi: mbilikimo mwisho wake ngazi ya nane, hata aue mazimwi mia. Asiye na mwisho ni binadamu peke yake. Sikutunga mimi. Ni kama kuhani wetu wa mchezoni asivyoruhusiwa kushika kitu chenye makali. Unakumbuka alivyoiponda kamba kwa rungu mpaka jua likazama, na Nyundo wako ananing'inia upande wa pili? Tulicheka, lakini hatukuvunja sheria. Tukianza kuvunja, mchezo utakuwa wa nini?

Hilo la chuo nimelisikia. Ila wakati wenyewe mbaya, wamenifanya mkuu wa zamu juzi tu. Ngoja tuone. Mwambie Nyundo atafute njia ya kuuzunguka mlango.

Kaka yako

15 Machi 1994

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo, mimi nina mafua.

Nimekumbuka siku ulipokuja na hicho kitabu. Nilisema nataka kuwa binadamu. Ukaniambia binadamu wameshachukuliwa, nichague kingine. Kaka, tulikuwa wawili tu chumbani. Walichukuliwa na nani?

Nyundo hazunguki. Amekaa chini mbele ya mlango, amevua kofia yake ya chuma, anasubiri. Aprili haina kiraka, ikiisha imeisha. Sitauliza mara ya tatu. Mama ni wetu sote, sioni kwa nini nikupigie magoti.

Mdogo wako

9 Juni 1994

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama je? Nisamehe kwa ukimya, kazi imenibana kooni.

Nimemfikiria Nyundo. Kwenye ukuta wa kushoto kuna ufa mwembamba. Rusha dadu, ukivuka kumi anapenya.

Je, ulipeleka jina? Naamini mlipata namna ya kumpatia Mama mtu wa kukaa naye. Mungu si Athumani.

Kaka yako

2 Julai 1994

Kaka,

Shikamoo ya barua hii nimeiweka akiba.

Hatukupata namna. Nafasi amepewa binti aliyeanza kazi mwaka jana, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kukoroga plasta ya kalibu za meno isiwe na mapovu. Alipoaga alinikumbatia, akasema, "Dada, nitakuandikia." Nikamwambia aandike. Nikarudi nyumbani nikakuta Mama amelowesha shuka. Nikafua, nikalia huku nafua, basi. Bosi anasema mwakani watachukua tena, kama bado nitataka.

Mama anauliza mbona hatuchezi. Nimemwambia Nyundo amelala.

Ufa wako siuhitaji. Ndani ya bahasha kuna dadu, nimelirudisha.

Mimi

20 Julai 1994

Mdogo wangu,

Sina shikamoo ya kuitikia, na nimestahili. Nilipofungua bahasha dadu lilidondoka kwenye sakafu ya bweni, wenzangu wakauliza limeonyesha ngapi. Sikuweza kutazama.

Acha niseme. Barua yako ya Machi niliipata Machi. Niliisoma nimekaa juu ya kreti la samaki, nikaikunja, nikajiambia nitajibu Jumapili. Jumapili zikapita. Nilijua Aprili inaisha. Niliiacha iishe ili nisiwe mimi niliyekataa. Sasa kila nikila nakuona unafua.

Na kitabu. Ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya sheria zote, kinasema mwongoza mchezo, yaani mimi, anaweza kubadilisha sheria yoyote akitaka. Nimeujua ukurasa huo tangu utotoni. Nilipenda tu kuwa na mahali pa kujificha.

Kuna sheria nyingine, hii siibadilishi. Binadamu akiacha fani yake na kushika nyingine, anaanza ngazi ya kwanza kama asiyejua kitu. Na akijisahau akatumia ujuzi wake wa zamani, anapoteza alama zote za safari ile. Nimeaga kazini. Nitafika Septemba, unifundishe kumuuguza Mama kabla hujaondoka.

Nyundo yuko ngazi ya tisa tangu leo.

Kaka yako

18 Juni 1995

Kaka,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi mzima.

Barua yako nimeisoma, nimecheka peke yangu. Kwa hiyo umempangia Mama zamu za kula na kulala kama vijana wako wa ghalani, naye amekutemea chai. Alama zote za wiki hiyo umepoteza, sheria ni sheria. Anza tena. Muulize kwanza amelalaje, ndipo umguse. Ukimvisha, mkono ule mgonjwa ndio unaotangulia kwenye nguo. Nilikuonyesha mara ngapi?

Jana nimechonga jino langu la kwanza, la nta. Mwalimu amelitazama kwenye mwanga akasema bovu. Nimefurahi siku nzima. Darasani wananiita Shangazi. Yule binti wa plasta yuko mwaka wa pili, ndiye anayenielekeza. Sikuambii ili uumie. Au labda uumie kidogo.

Nyundo mrudishe ngazi ya nane, sheria yake nimeshaizoea. Aliyetaka kuupita ule mlango nilikuwa mimi. Dadu mpe Mama, alirushe kwa mkono wa kushoto, na wewe ndiye uwe shahidi.

Ile shikamoo niliyoiweka akiba, leo nakupa nusu. Nusu nyingine nitakuja nayo likizo, nikimkuta Mama amechanwa nywele.

Mdogo wako