Pweza Laki Mbili Wamekwama Kwenye Kompyuta Yangu

Shangazi Laurencia, shikamoo. Ndoa yangu inazama, nishike mkono. Mimi si mshamba, nimefika Muscat, uwanja wa ndege wa Addis Ababa nimeulala siku mbili, na kompyuta nimejifunza mwenyewe baada ya kidato cha pili kunikataa, ndiyo maana kikundi cha wavuvi wa pweza hapa Kiegeani kikanipa kazi ya kuingiza kila pweza kwenye mfumo, nami kwa ukarimu wangu kila safu nikaipa aina ya maandishi, nafasi ya herufi elfu nne, kwa sababu huku kwetu mtu hasemi "kilo saba", anasema "kilo saba, na angefika nane ila samaki mkunga kamla mkono mmoja", na tarehe anakutajia "maji ya bamvua ya pili baada ya Idi, yalipokauka mpaka miamba ikaona haya", nikayaandika yote, tarakimu mbele na hadithi nyuma, sikumnyima mtu.

Sasa mchumba wangu Warda, katibu wa kikundi, kaniambia, "Mudrik, nitafutie pweza wangu mkubwa wa Machi, kikao kinaanza." Nikabonyeza. Akafua nguo akisubiri. Akaanua. Akapiga pasi. Kikao kikaisha. Jibu likaja: kilo 9! Na yeye alivua wa kilo 12, kijiji kizima kilimwona. Akasema, "Mwanamume asiyeweza kunitafutia pweza mmoja ataniweza mimi? Ndoa isubiri mpaka mashine yako iseme kweli." Nimeipulizia feni, wapi! Ninunue feni ya pili?

Mudrik, Kiegeani

Mudrik mwanangu, marahaba. Feni jipulizie mwenyewe. Unailazimisha mashine isome hadithi laki mbili, neno kwa neno, kutafuta Machi iliyojificha kwenye bamvua, halafu unashangaa inachelewa? Na uzito ukiuandika kama maandishi, mashine hutazama tarakimu ya mbele tu: 12 inaanza na moja, na moja ni ndogo kuliko tisa, basi 9 ndiye bingwa.

Roho yako nzuri, lakini umeimwaga pasipostahili. Weka nakala pembeni kwanza. Uzito uwe namba. Tarehe iwe tarehe ya kalenda, uiwekee faharasa, mashine iende Machi moja kwa moja, isigonge kila mlango. Mkunga na visa vyake wapate safu yao ya maelezo.

Kuzigeuza bamvua kuwa tarehe, hapo utamhitaji Warda, katibu anayejua kila bamvua iliangukia siku gani. Nenda kwao leo, useme mbele ya mama yake kwamba uliyekosea ni wewe, kisha umwombe mkae mezani mzipitie pamoja. Atakubali. Hakuna mwanamke wa Kiegeani atakayemwacha pweza wake abaki kilo tisa.