Nimeunda Kifaa Mara Tatu, Doa Haliondoki

Mpendwa Shangazi Nakhumicha, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, kwa maana siku hiyo madaktari wanakuja karakana yetu hapa Hurlingham kuona kifaa nilichokiunda kwa mikono yangu, nami najua kina kasoro.

Nilimaliza kidato cha nne, mengine nikafunzwa na Mhandisi Bramwel. Tunaunda kile kichwa cha mashine ya altrasaundi ambacho daktari hukipitisha juu ya ngozi iliyopakwa jeli. Chetu hutoa sauti nyembamba mno isiyofika mbali mwilini, kwa hiyo hakifai kutazama mimba, lakini vilivyo karibu na ngozi huvionyesha hadi nyuzi za misuli. Kristali yake inayotoa sauti hiyo tunaisaga iwe nyembamba kama unywele, na kiputo kimoja cha hewa kwenye gundi huharibu kazi yote.

Kila nikimaliza, hukijaribu kwenye shingo yangu na kuandika katika shajara. Tarehe 3 Februari niliona doa jeusi upande wa kulia, nikajua ni kiputo, nikakivunja kifaa na kuunda kingine. Tarehe 24, doa. Nikakivunja hicho pia, nikaunda cha tatu kwa gundi nyingine, na tarehe 17 Machi doa lilikuwepo, tena limenenepa, nikaandika, "Gundi inazidi kuharibika." Kinachonichanganya ni kwamba nikikijaribu ndani ya maji doa halipo, na kwenye shingo ya mke wangu Ndanu pia halipo, ingawa alilalamika, "Baba Ryan, mimi si karakana!" nami nikaona labda alikaa vibaya. Tena nikimeza mate doa hupanda na kushuka, bila shaka ni waya uliolegea. Bramwel hataki kusikia. "Kitavi, bwana, picha iko safi, wacha kujitafutia makosa." Je, niwaambie madaktari ukweli nimwaibishe, au ninyamaze niuze kitu kibovu?

Fundi Kitavi, Mutuini

Fundi Kitavi, soma hili ukiwa umeketi. Kifaa chako ni kizima. Nilimsomea daktari mmoja barua yako kwa simu, na kabla sijamaliza akauliza, "Huyo mtu ameshaenda hospitali?" Nikamjibu, "Ameenda kununua gundi."

Gundi haimezi mate, baba. Doa linaloonekana kwa vifaa vitatu, likakosekana majini na kwa mkeo, liko shingoni mwako. Umeunda kitu cha kuwaonya watu mapema, kikakuonya, ukakivunja. Mara mbili! Halafu cha tatu unataka kukishtaki kwa madaktari.

Pole, ndugu yangu. Najua ni rahisi kusaga kristali upya kuliko kuuliza swali ambalo jibu lake linatisha. Daktari huyo anasema vinundu vingi vya shingoni havina ubaya. Lakini chako kimekua, na hakuna atakayejua ni cha aina gani mpaka kipimwe.

Kwa hiyo leo mwambie Ndanu, kwa maneno ya kawaida, bila habari za waya. Kesho asubuhi, si Ijumaa, nenda Upper Hill umwone daktari wa koo na shingo, ubebe picha zote pamoja na tarehe zake. Bramwel mwambie alisema kweli, na kwamba Ijumaa hutakuwepo kwa sababu ya vipimo. Wageni wakitaka shingo ya kutazama, atoe yake.