Silinda Nne kwa Silinda Sita

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, namshukuru Mungu, na gari langu ni zima kuliko mimi. Namba yangu umeifungia kwenye simu yako, basi nakuandikia. Posta haina kitufe cha kununa.

Nasikia umelalamika kwenye klabu yetu ya magari kwamba unaniwashia taa barabarani na sikujibu. Ni kweli. Desturi ya wenye magari ya kampuni hii ni kuwashiana taa wakipishana, nami nawajibu wenzangu. Wewe ulinunua la silinda nne. Mtengenezaji mmoja, nembo moja, lakini lako lilitengenezewa watu walioshtushwa na bei ya langu. Siku ukipata la silinda sita nitakuwashia taa hata mchana kweupe.

Msalimie mama.

Kaka yako


9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Watoto wanakusalimu, wanauliza kama lile gari bado linapiga kelele au umelipeleka kwa daktari wa koo. Nimewaambia debe tupu haliachi kuvuma.

Wewe wakili kusema unajua, kuendesha ndiko hujui. Kwenye kona za mlimani nilikupita klabu nzima ikitazama, ukabaki kunusa moshi na silinda zako sita. Chuki ilianza siku ile. Hata mkeo alipokuacha hukununa hivi.

Kila Alhamisi bado nampeleka mama kliniki ya moyo. Anasema kukaa ndani ya gari langu ni kama kukaa kufua nguo, ila anapenda kushuka watu wakimtazama. Anaomba siku moja tuje wote wawili, tuegeshe magari, tule naye. Nimemwambia kwanza uniombe radhi.

Mdogo wako


21 Machi, Alhamisi

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Miguu haijambo? Nauliza kwa sababu asubuhi hii nimekuona umesimama nayo barabara ya mlimani, gari limezima, taa unaziwasha na kuzizima kama fundi umeme. Na simu umenipigia mara nne! Kumbe namba yangu unayo. Halafu ukafungua boneti ya mbele. Injini ya gari lako iko nyuma ya viti, ndugu yangu, huko mbele ni pa kuwekea begi.

Ningeweza kusimama. Nilipunguza mwendo kabisa, ukaanza kunikimbilia, nikakanyaga mafuta. Zile sita zililia vizuri sana. Nimecheka mpaka ofisini, na barua hii nataka itoke na posta ya saa sita.

Kaka yako


8 Aprili

Kaka,

Leo sikuamkii. Barua yako nimeitoa posta asubuhi hii, wiki mbili na siku mbili baada ya kumzika mama. Sasa naelewa kwa nini msibani uliniomba ufunguo wa sanduku langu la posta mara mbili, eti unataka kunisaidia.

Mkanda wa injini ulikatika. Boneti niliifungua nitoe pembetatu ya tahadhari na chupa ya maji ya mama. Yeye nilikuwa nimemlaza kwenye kiti cha abiria, kifua kimembana. Gari la wagonjwa niliambiwa liko njiani, na huenda mpaka leo liko njiani. Mama aliposikia gari lako likija alisema, "Huyo si kaka yako? Basi tumepona." Ulipopita akasema hukutuona, jua lilikuwa machoni mwako, nami nikaamini. Alirudia hayo hata ndani ya lori la mboga lililotuchukua dakika arobaini baadaye. Daktari alisema tungewahi nusu saa tu, angepona.

Nilikuandikia kila Alhamisi nampeleka nani. Na makaburini nilikushika usianguke, nikawaambia watu kwamba kaka ana uchungu kuliko sisi sote.

Mdogo wako


12 Aprili

Mdogo wangu,

Sikumwona. Naapa, nilikuona wewe tu, na nilitaka kukukomoa wewe tu. Ningejua mama yumo ningesimama hata kama gari langu lingepinduka. Silali, sili.

Nakuomba baba asijue. Akijua atanilaani, nami siwezi kuishi na laana ya baba. Ni wewe wa kumwambia au kutomwambia, niko mikononi mwako. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndani ya bahasha kuna ufunguo wa gari langu na kadi yake, nimeshatia sahihi. Ni lako. Ile barua ichome.

Kaka yako


19 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Ufunguo na kadi vimefika. Jana nilikwenda kulichukua gari hapo ofisini kwako, nimelizungusha mlimani mara tatu. Ulisema kweli, langu halilifikii.

Baba hajambo. Kutwa anakaa peke yake, na miwani yake ilivunjika msibani, kwa hiyo mimi ndiye namsomea kila kinachokuja. Amesikia tulikuwa tunaandikiana, amefurahi mno. Anasema kumbe wanangu walikuwa wanapatana.

Barua yako ya tarehe 21 sikuichoma. Sikumsomea pia, wala sitamsomea. Nimemwambia Jumamosi ya tarehe 27 kaka anakuja kuisoma mwenyewe, ameshaomba viti vitolewe barazani. Nitakufuata saa nne, kwa gari lako. Ukifika kwa baba usome polepole na upaze sauti, siku hizi hasikii vizuri.

Mdogo wako