Kipimo Kilichotiwa Chumvi

Kensington, Johannesburg
Juni 2017

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unasujudu bila kushika ukuta. Baba naye, kikohozi kimemwachia? Mimi mwili mzima, ila roho imenichafuka, na nisipokusimulia nitatapika.

Unajua kazi yangu huku ni kupima kelele. Kifaa cha kupimia, kabla hujakitumia, lazima ukihakiki. Unachomeka maikrofoni yake kwenye kidude kinachotoa mlio mmoja usiobadilika, desibeli tisini na nne. Kikisoma vingine, unakirekebisha. Usipofanya hivyo, kila namba utakayopata ni uongo.

Basi mwenye jengo moja la zamani huko mjini alituita. Ghorofani kuna kanisa la Wakongo, wengi mafundi cherehani na wasusi, na mwenye jengo anatafuta sababu ya kuwafukuza. Kelele wanapiga, sikatai. Ngoma zao unazisikia ukiwa bado kwenye robot ya kona, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani.

Jumapili nilimkuta bosi wangu, yule Mkenya, garini anakula kuku, vidole vinang'aa mafuta. Kifaa ameshakirekebisha mwenyewe. Nikakijaribu: kwenye mlio wa tisini na nne kinasoma mia na mbili.

"Bosi, hiki kinazidisha."

Akacheka, nyama mdomoni. "Ndivyo mteja anavyotaka. Wewe pima tu, sawa? Sharp?"

Kinyaa kilichonishika, Mama, sijui nikuelezeje. Tukapanda. Mchungaji, mzee wa Lubumbashi, akatuvutia viti, akauliza kama tumekula. Bosi akampa mkono ule ule wa mafuta, akimwita "baba."

Hapo nikashindwa. Nikamwita mchungaji pamoja na wakala wa mwenye jengo, aliyekuja kushuhudia upimaji, nikakichomeka kifaa kwenye kile kidude mbele yao. "Mlio huu ni tisini na nne. Someni wenyewe."

Wakala akasoma, akamtazama bosi, akainamisha macho.

Nikakirekebisha, nikapima upya wakiimba. Kweli walikuwa wamepita kiwango cha sheria, ila kidogo tu, nami nikawaambia hivyo.

"Sasa tufanye namna gani, mama?" mchungaji akaniuliza.

"Zimeni spika hizi za dirishani, mfunge na madirisha."

Wakafanya. Nikapima tena, kelele ikashuka hadi inaporuhusiwa. Wakala akaiandika namba hiyo kwenye daftari lake.

Tulipofika stendi ya teksi, bosi akasimamisha gari. "Shuka. Kesho usije." Hata kunitazama hakunitazama, alikuwa anachokonoa meno.

Kanisa bado lipo. Mimi natafuta kazi.

Nisalimie kaka Hamisi na mkewe, shangazi Mwanaidi wa maandazi, na mjomba Sefu fundi baiskeli. Baba usimwambie nimefukuzwa, mwambie nimeacha. Hapana, Mama. Mwambie nimefukuzwa, na umwambie kwa nini.

Ni mimi mwanao, nikikukumbuka kila siku,
Zuhura