Wawili Tuliobaki Banda la Ngozi

Jumanne, 9 Machi 1937

Kosa wanalofanya watu wengi ni hili: hatari ikija, humbeba mtu na kuviacha vitu vyake. Kisha hudhani wamemwokoa mzima.

Miguu yangu imekufa tangu mwaka wa 1917. Natembea kwa viganja – vibao viwili vya mninga mikononi, vipande viwili vya ngozi magotini. Kwa vitu hivyo vinne nilifundisha shule ya misheni miaka kumi na minne. Juzi Jumapili kimbunga kiling'oa mapaa ya Usinge, na maji ya mto yakapanda hadi kitandani kwangu. Vijana wanne wakanitia kwenye machela, mbio hadi stesheni kuwahi treni ya mwisho kabla reli haijakatika. Hodari kweli! Nikapiga kelele: vibao vyangu! Wakajibu, uhai kwanza, Mwalimu.

Marehemu baba yangu alikuwa mpagazi wa njia ya Ujiji. Alisema mzigo hukaguliwa kabla ya kuinuliwa, si njiani.

Sasa tuko Tabora, katika banda la mfanyabiashara wa ngozi, karibu na reli. Ngozi zimeondolewa, harufu imebaki. Wazima wote wamewekwa shuleni. Sisi tisa tumeletwa hapa. Mlangoni wameandika kwa chaki: WASIOJIWEZA. Mwandiko mbaya.

Ijumaa, 12 Machi

Siku ya nne sijatoka nje ila kwa kubebwa. Mlango una kizingiti cha saruji, kimo cha goti la mtu. Kwa wazima si kitu. Kwangu ni ukuta.

Anayetubeba ni Mabruki, seremala wa mjini, amepewa kazi ya kutulinda. Mtu wa adabu. Kila asubuhi, "Shikamoo, Mwalimu," kisha ananyanyua. Anapenda mzaha. Leo alimwambia Bernadeta: wewe huoni, Mwalimu hatembei, si umbebe tu akuonyeshe njia, nami nipumzike?

Bernadeta akamwambia, "Mbebe wewe, mwanangu. Huyu hata kimya chake ni kizito."

Banda zima likacheka. Na mimi nilicheka.

Huyu Bernadeta ni jirani yangu wa Usinge, mfinyanzi, kipofu tangu ndui ya utotoni. Watu hawaelewi kipofu. Nyumbani kwake amefunga kamba ya gome la mti kutoka mlangoni hadi jikoni, jikoni hadi kisimani, kisimani hadi chooni. Humo ndani ya kamba haongozwi na mtu. Hapa hakuna kamba. Anakaa palepale mkekani, mgongo ukutani, kama aliyetundikwa.

Jumatatu, 15 Machi

Reli imetengenezwa, treni inapita Usinge tena. Habari njema! Wenzetu saba wamewatuma mafundi wa reli wawapelekee ndugu zao maneno kwa mdomo. Nikawaambia maneno ya mdomo huharibika njiani, barua haiharibiki. Hawakunisikiliza. Bernadeta peke yake alinisikiliza, akaniomba nimwandikie binti yake aliyebaki Usinge, Veneranda.

Alisema bila kupumua: "Mwambie, Veneranda, nimewekwa hapa kama gunia. Choo sikijui kilipo. Nimeacha kunywa maji ili nisiombe kupelekwa nje na mwanamume. Njoo kesho. Usipokuja, usiniite mama tena."

Nikaandika. Lakini nikailainisha kidogo. Veneranda hajui kusoma, atasomewa na katekista mbele ya watu barazani. Mama mtu mzima, mambo ya choo yasomwe barazani? Na barua ina taratibu zake, lazima ianze kwa salamu na uzima. Nikaweka: "Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwenu tu. Mahali hapa ni pageni kidogo. Mkipata nafasi, karibuni mnitazame." Barua safi, mistari imenyooka.

Yangu kwa Masolwa, mtoto wa ndugu yangu, ni hivyohivyo. Nikaongeza: msijisumbue.

Jumapili, 21 Machi

Matawi. Kengele ya kanisa tumeisikia kupitia ukutani.

Wanne wamechukuliwa na ndugu zao wiki hii. Mmoja alibebwa mgongoni na kaka yake huku wakigombana tangu mlangoni: kwa nini hukusema mapema! Nimesema hivi sasa, husikii? Bernadeta aligeuza sikio kufuata sauti zao mpaka zikapotea.

Mabruki amenichongea vibao vipya. Vizuri, lakini kizingiti ni kilekile. Nimeomba ubao wa mteremko wa kukivukia. Amesema banda si lake, lazima aulize.

Alhamisi, 25 Machi

Karani wa serikali amekuja na karatasi. Kijana mpole, kola nyeupe. Amesoma: Jumamosi tarehe tatu Aprili lori litakuja. Asiyechukuliwa na ndugu kabla ya hapo atapelekwa Itetemia, kwenye kambi mpya ya wasiojiweza, akae huko.

Nikauliza, mpaka lini?

Akasema, "Karatasi haikutaja siku, Mwalimu."

Nikamwambia naweza kutia sahihi mwenyewe, nirudi kwa treni. Akasema sahihi inayotakiwa ni ya mpokeaji. Nikamweleza kwamba nimefundisha watu kuandika tangu yeye ni mtoto mchanga. Akakubali. Akasema sahihi inayotakiwa ni ya mpokeaji.

Jumapili, 28 Machi

Pasaka. Tumebaki wawili.

Bernadeta anauliza kila treni ya kutoka magharibi ikifika: hiyo ndiyo? Midomo yake imepasuka. Nilimpa kata ya maji, akalowesha ulimi, akanirudishia.

Jumanne, 30 Machi

Majibu yamefika! Mawili, kwa mkono mmoja, wa katekista.

Nilifungua langu kwanza. Masolwa: "Baba Anselm, tumefurahi mno kusikia u mzima na kwamba tusijisumbue. Basi hatujisumbui. Tutakuja baada ya mavuno."

Mavuno ni Juni.

Nikafungua la Bernadeta. Veneranda: "Mama, tumeshukuru Mungu umepata mahali pazuri. Tukipata nafasi tutakuja kukutazama kama ulivyosema."

Alikuwa amekaa karibu yangu, uso juu, anangoja. Akauliza, anasemaje?

Nikamwambia: anakusalimu sana, anajiandaa.

Akapiga makofi! Akaomba maji. Akanywa kata nzima.

Jumatano, 31 Machi

Sijaweza kula. Najaribu kulieleza jambo hili kama ninavyoeleza mengine. Wale saba waliotuma maneno kwa mdomo wote wako kwao. Mafundi wa reli hawana adabu ya barua. Walifika, wakasema: ndugu yako anateseka, kamchukue. Basi. Waliobaki ni wale wawili walioandikiwa na mwalimu.

Habari yangu mwenyewe si kitu, nimejifungia mlango kwa mkono wangu. Lakini Bernadeta alisema. Alisema wazi kabisa. Na leo amekunja khanga yake, amekaa na kifurushi mapajani.

Alhamisi, 1 Aprili

Nimemwambia. Saa moja asubuhi, Mabruki akiwapo. Nimemsomea barua ya Veneranda ilivyo, kisha nikamtajia ile niliyoandika mimi, neno kwa neno.

Akauliza habari ya choo niliiweka wapi. Nikasema sikuiweka. Nilimsitiri.

"Ulinisitiri," akasema. "Nilikuomba mkono, Mwalimu. Mdomo ninao."

Nikaomba radhi. Nikamwambia bado ipo nafasi. Treni ya kwenda magharibi inaondoka saa nne, inafika Usinge jioni. Veneranda akiondoka kesho atakuwa hapa Jumamosi alfajiri, kabla ya lori. Nikatoa karatasi, nikamwambia aseme tena.

Akasema hasemi mara mbili. Amegeukia ukuta.

Mabruki ameegemeza baiskeli nje ya kizingiti, yuko tayari kuifikisha kwa gadi wa treni. Ananihimiza: Mwalimu, jua linapanda, andika lolote! Nami kalamu inataka kuanza kama ilivyozoea – kwa mpendwa, wasalaam, baada ya salamu. Nimekwisha chana karatasi mbili.

Bila kugeuka, Bernadeta ameuliza sasa hivi: "Ulisikia siku ile, au hukusikia?"

Nilisikia. Kila neno ninalo.

Basi, Anselm: leo, kabla ya saa nne, andika alivyosema, ukianzia pale pa gunia, na habari ya choo usiiache.